Pesa ya Uganda, Mahakama za La Haye na Sisi wa Eringeti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya komiti za wakimbizi wa vita na viongozi wa vijiji, Eringeti)

Tunashukuru jamaa za Eringeti ambazo mara nyingi zimegawa nyumba na shamba na wageni waliofika na mtoto mgongoni tu.

Tangu tufike, tumeulizwa swali moja karibu kila nyumba: "Ile pesa ya Uganda, sisi tutaipata lini?" Tuanze hapo.

Mji wa La Haye, huko Uholanzi, una mahakama mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, wengi huiita CIJ. Hiyo huamua ugomvi wa dola na dola. Mtu binafsi hawezi kushitaki pale, wala hawezi kufungwa nayo. Tena dola lazima iwe imekubali kuhukumiwa. Uganda ilikuwa imekubali tangu 1963, ndiyo maana Kongo iliweza kuishitaki tarehe 23 Juni 1999. Kongo ilijaribu pia kuishitaki Rwanda, lakini mwaka 2006 mahakama ilisema haina uwezo juu yake, kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali. Wengine wataona hiyo si haki. Hata sisi ilituuma kuieleza.

Hukumu juu ya Uganda ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005. Uganda ilijitetea kwamba iliingia Kongo kujikinga na ADF, jina ambalo hapa hakuna mtoto asiyelijua. Mahakama ilikataa: haikuonyeshwa kwamba mashambulio ya ADF yalitoka kwa serikali ya Kongo. Ilisema jeshi la Uganda liliua na kutesa raia, likapora mali, na kwamba lilikuwa limeikalia Ituri. Kongo nayo ilionekana na kosa, kwa yale yaliyotendwa kwa ubalozi wa Uganda kule Kinshasa. Serikali hizo mbili zilishindwa kupatana juu ya malipo, basi tarehe 9 Februari 2022 mahakama ilipanga yenyewe: dola milioni 325. Kati yake milioni 225 ni kwa watu walioumizwa na kuuawa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Pesa hiyo hulipwa kwa serikali ya Kongo, kwa sehemu tano za milioni 65 kila moja, kuanzia Septemba 2022. Serikali iliunda mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, wa kuwafikia walioumizwa. Na kesi ni ya vita ya kuanzia Agosti 1998 mpaka Juni 2003. Waliouawa katika teritware yetu tangu Oktoba 2014, na ndugu waliokufa hapa Eringeti Novemba 2015, siku ambayo hata hospitali ilishambuliwa, hawamo katika hukumu ile. Tunajua ni neno gumu. Lakini ni heri mlisikie kwetu kuliko kuuza mbuzi ili kumlipa mtu anayepita na karatasi akiandikisha majina kwa dola tano. Hukumu ile haikumtuma mtu yeyote kupita vijijini na kutoza pesa ya kuandikisha.

Kuna jambo jingine linalogusa Eringeti kuliko mahali pengine. Mpaka wa Ituri uko karibu, mkifuata barabara ya Komanda. Kwa kuwa Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, mahakama iliihesabia hata mabaya ya vikundi vingine ambayo haikuyazuia. Nje ya Ituri ilibidi kuonyesha kwamba waliotenda ni askari wa Uganda wenyewe. Kwa hiyo jamaa mbili zinazolima pande mbili za mpaka zinaweza kuwa na kilio kimoja na kesi mbili tofauti.

Mahakama ya pili ni ya Jinai, CPI. Hiyo hushika watu, haishiki dola. Huhukumu mauaji ya kuangamiza kabila, makosa dhidi ya ubinadamu na makosa ya vita, kuanzia tarehe 1 Julai 2002, wakati mahakama za nchi haziwezi au hazitaki. Thomas Lubanga alipewa miaka 14 kwa kuingiza watoto jeshini. Germain Katanga alipewa 12 kwa ajili ya Bogoro, na Bosco Ntaganda 30. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012, maana ushahidi haukutosha. Katika kesi ya Katanga, watu 297 walikubaliwa kuwa wameumizwa, na kila mmoja alipangiwa dola 250, pamoja na msaada wa pamoja. Dola 250 hazijengi nyumba. Mahakama yenyewe iliziita alama tu.

Wazee hapa wanakumbuka mwisho wa 2002, watu wa Mambasa na Komanda walipokimbilia huku, Wanande na Wambuti pamoja, mbele ya askari wa MLC na RCD-N. Operesheni ile iliitwa "Effacer le tableau", yaani kufuta ubao. Jean-Pierre Bemba alipelekwa CPI, lakini kwa mambo ya Afrika ya Kati, na mwaka 2018 aliachiliwa kwa rufani. Juu ya Mambasa, CPI haikumhukumu mtu. Wengi walisema basi, imekwisha. Kumbe haikuisha. Roger Lumbala, aliyeongoza RCD-N, alikamatwa Ufaransa, kwa sababu sheria ya huko inaruhusu kumhukumu mtu aliye nchini mwao kwa makosa ya namna hiyo yaliyotendwa kwingine. Desemba 2025 mahakama ya Paris ilimpa miaka 30 kwa kushiriki katika makosa dhidi ya ubinadamu. Miaka 23 ilikuwa imepita. Walionusurika walitoka Kongo wakaenda kusema mbele ya mahakimu. Waliweza kwa sababu walikumbuka, na kwa sababu mambo yale yalikuwa yameandikwa mapema: watu wa Umoja wa Mataifa walikuja kuwauliza wakimbizi tangu mwanzo wa 2003.

Kwa hiyo tunaomba komiti moja moja inunue daftari gumu, lile la jalada nene. Andikeni siku, saa, kijiji, jina la aliyekufa na umri wake, nani aliona kwa macho na nani alisikia tu. Msichanganye hao wawili. Lugha au nguo za waliotenda, andikeni kama mlivyoziona. Jina la kundi msiliweke kama hamna hakika. Mama aliyetendewa jeuri ya mwili asilazimishwe kusema mbele ya watu, na jina lake lisiandikwe katika daftari la wote. Nakala ya pili iwekwe mbali na kijiji, Oicha au Beni, kwa mtu mnayemwamini, kwa maana nyumba huchomwa na madaftari yake.

Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa CPI alitangaza kwamba uchunguzi unaendelea tena Kivu ya Kaskazini, akitazama zaidi mambo ya tangu Januari 2022. Ya 2014 na 2015 bado yamo katika uwezo wa mahakama ile, na makosa hayo hayazeeki. Anzeni na yale ya zamani, wakati wazee walioona wangali hai. Kalamu tumeleta chache. Ziko kwa katibu wa komiti.