Mpiga Picha za Video Naye ni Mfanya Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu la wafanya kazi wa reli)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ya kupiga picha za video, na sababu yake yajulikana. Vijana wetu wengi hawangoji tena kuandikwa kazi katika reli wala bandarini. Wanataka kamera. Na wakitaka kamera huja kwetu, kwa maana mkopo wa chama cha akiba wahitaji wadhamini, na wadhamini ni sisi. Kijana akishindwa kulipa, akiba zetu ndizo zinazokatwa. Basi jambo hili si la mchezo. Ni jambo la jasho letu.

Tena wako miongoni mwetu wasemao, "Yule anabonyeza kitufe tu, alipwe fedha nyingi za nini?" Ndugu zetu, aliye mbali na reli humwona mtu wa ishara akivuta mkono wa chuma tu. Sisi twajua ni roho ngapi zinazotegemea mkono ule. Kwa hiyo yafaa tuitazame kazi ya mwenzetu kama tunavyotaka yetu itazamwe.

Kwanza tulikumbuke neno "kibarua". Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa karatasi ndogo. Karatasi ile ndiyo barua ndogo, yaani kibarua, na jina hilo likamshika mtu mwenyewe. Mwenye karatasi aliweza kuonyesha kwamba amefanya kazi na kwamba anadai. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, wengi wa watu wa bandarini walikuwa vibarua wa namna hiyo, kazi leo ipo kesho haipo.

Mpiga picha anayejitegemea ni kibarua wa siku hizi, tofauti yake ni kwamba karatasi hana. Huitwa kwa simu, hukubali kwa mdomo, na hulipwa mwenye arusi anapopenda. Tena sisi nyundo, taa na koti la usalama twapewa na mwajiri, na chombo kikivunjika ni juu yake kuleta kingine. Mpiga picha chombo ni chake, na kikianguka hasara ni yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamlinda aliye na mkataba wa ajira. Yeye aliyeitwa kwa siku moja hana likizo yenye malipo, wala siku za ugonjwa.

Sasa tuje kwenye vyombo, kwa kuwa hapo ndipo mkopo unapopotelea. Mwaka 2008 zilitoka kamera za picha za kawaida zilizoweza kunasa video pia, kama Nikon D90 na Canon 5D Mark II. Mtu mdogo akaweza kufanya kwa chombo cha mkononi kazi iliyohitaji mashine kubwa. Ikawa heri kubwa. Lakini tangu hapo matoleo mapya hayaishi kutoka, na kijana huambiwa kwamba la jana limekufa. Halikufa. Kamera ya miaka mitano au sita, iliyotunzwa, bado inafanya arusi na mikutano vizuri.

Anunuaye kamera ya mkono wa pili aulize mambo matatu. La kwanza, ina matundu mangapi ya kadi? Yenye matundu mawili huweza kuandika picha ile ile kwenye kadi mbili pamoja, na kadi moja ikiharibika arusi haikupotea. La pili, je, hujizima baada ya nusu saa? Kamera nyingi zilitengenezwa zisipite dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ushuru wa forodha wa Ulaya ulikuwa mkubwa zaidi kwa mashine ya video. Mhubiri wetu je, hujizima dakika ya 30? La tatu, ina tundu la maikrofoni? Kwa mfano, Panasonic GH5 ya mwaka 2017 ina matundu mawili ya kadi, wala haina mwisho wa nusu saa. Sony A7 III ya 2018 ina matundu mawili, lakini hukoma karibu na nusu saa. Canon EOS R ya 2018 ina tundu moja tu, na nusu saa ni ile ile. Zote tatu ni kamera nzuri, lakini si kwa kazi moja.

Baada ya hapo, sauti. Watu huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini hawavumilii hotuba isiyosikika. Maikrofoni ndogo ya kifuani, na kinasa sauti kilichounganishwa na mashine ya vipaza sauti vya ukumbini, ni faida kuliko kamera mpya. Kisha stendi imara ya miguu mitatu, na betri za kutosha. Lenzi njema nayo yadumu, huweza kuhama na mwenyewe kutoka kamera hii hadi nyingine.

Taa nazo zina siri yake. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100. Aliyeiweka kamera ipige picha 25 kwa sekunde, na shata kwenye sehemu moja ya 50, picha yake hutulia. Aliyeiacha kwenye 30 na sehemu moja ya 60, kama ilivyozoewa Marekani, huweza kuona mistari ikitembea ukutani, na mteja atasema kamera ni mbovu. Hilo ni jambo la maarifa tu, halina bei.

Kisha mahali pa kuwekea kazi. Kamera inayonasa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Arusi ya saa sita ni gigabaiti 270. Diski ya terabaiti moja basi yachukua arusi tatu tu, na ya nne haiingii. Tena lazima nakala iwe zaidi ya moja, na moja ikae nyumba nyingine, maana mwizi na moto havibagui. Kijana aliyetumia mkopo wote kwa kamera, asibakize fedha ya diski, ni kama mtu aliyenunua injini bila breki.

Na droni je? Kanuni za mwaka 2020 zataka chombo hicho kiandikishwe kwa mamlaka ya usafiri wa angani ya Kenya, na anayekirusha kwa biashara awe na vibali. Asiye navyo asikichukulie mkopo.

Sasa ndugu, tupige hesabu pamoja. Hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Tuseme vyombo vyote ni shilingi 300,000, navyo vitadumu miaka mitatu. Hizo ni 100,000 kwa mwaka. Akipata kazi 25 kwa mwaka, kila kazi lazima itoe 4,000 za vyombo. Amekubali arusi kwa 25,000. Toa 4,000 za vyombo, 4,000 za msaidizi, 2,500 za nauli na chakula, 1,500 za umeme, intaneti na diski. Zimebaki 13,000.

Je, ni mshahara wa siku moja? Sivyo. Siku moja alikwenda kuonana na wenyewe na kutazama mahali. Siku moja alipiga picha. Siku tatu alikaa kwenye kompyuta akihariri. Ni siku tano, yaani shilingi 2,600 kwa siku. Kwa mwaka ni 325,000, yaani kama 27,000 kwa mwezi, kabla ya kodi, bima ya afya na riba ya mkopo.

Sasa akija mwingine akasema, "Mimi nitafanya kwa 15,000," naye kijana wetu kwa hofu akashuka hapo, zitabaki 3,000 kwa siku tano. Ni shilingi 600 kwa siku. Mtu huyo hafanyi kazi. Anakula kamera yake kidogo kidogo, na kamera ikiisha ataanza kula akiba za wadhamini. Hapo ndipo hatari ilipo.

Basi dawa ni nini? Dawa ya kwanza ni kuirudisha ile karatasi. Kabla ya kazi, waandike mapatano, hata ukurasa mmoja: siku na saa, kazi itakayotolewa, marekebisho mara ngapi, bei, nusu ilipwe mbele, na saa za ziada ni kiasi gani. Tena waandike hakimiliki ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Wengi hudhani kwamba aliyeshika kamera ndiye mwenye haki daima. Asiyeandika huenda hana ruhusa hata ya kuonyesha kazi yake kwa mteja mwingine.

Na mteja akikataa kulipa? Tangu mwaka 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka shauri likatwe kwa siku 60. Mtu huweza kwenda mwenyewe bila wakili. Lakini hakimu atauliza, "Mapatano yako wapi?" Mwenye karatasi ataitoa. Asiye nayo atafute jumbe za simu na risiti za M-Pesa, na asiyekuwa na hata hizo atabaki na maneno yake tu.

Dawa ya pili ni umoja. Wako wasemao kwamba asiye na mwajiri mmoja hawezi kuwa na chama. Si kweli. Marekani chama cha IATSE, kilichoanza mwaka 1893, kina wapiga picha wa sinema wanaohama kazi hadi kazi. Uingereza Bectu nao huandikisha wanaojitegemea. Wapiga picha wa mji mmoja wakikaa pamoja wakapatana kwamba hakuna atakayefanya arusi chini ya gharama yake, na wakaazimana lenzi na taa badala ya kila mmoja kukopa zake, wamekwisha kuanza chama.

Mwisho, tunatoa maombi matatu kwa tawi. Kwanza, tukimwita mpiga picha kwenye mkutano wetu mkuu, tuandikiane naye na tumlipe nusu mbele. Ni aibu kudai haki kwa mwajiri huku sisi tunamnyima kibarua wetu. Pili, kabla hatujatia sahihi udhamini, tumwombe kijana atuonyeshe orodha ya vyombo, hesabu ya bei yake kwa kazi moja, na mfano wa mapatano anayotumia. Si kumdharau, ni kumsaidia. Tatu, tuwape vijana hao chumba chetu cha mikutano jioni moja kila mwezi, wakutane wazungumze bei.

Ndugu wanachama, mikono ya kazi ni ya namna nyingi, lakini jasho ni moja. Tumwandikie barua yake kibarua huyu, naye ataweza kusimama.