MPWA, MTOTO NA SHAMBA LA MAREHEMU



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika milima ya Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mtu akifa, mara nyingi mpwa wake hudai shamba, na watoto wa marehemu huambiwa wakatafute ardhi kwa ukoo wa mama yao. Ugomvi huanzia matangani, ukaishia Mahakama ya Mwanzo.

Kwanza tupambanue mali. Ardhi ya ukoo ambayo marehemu alipewa kulima tu haikuwa milki yake, na amana hairithiwi. Lakini nyumba aliyoijenga, shamba alilolinunua, mikarafuu na midalasini aliyoipanda kwa jasho lake kule Kinole au Mkuyuni, hiyo ni mirathi. Hapo mila haina kauli.

Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, mjane wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume (S.A.W.) kushitaki kwamba ami wa binti zake wawili amechukua mali yote. Ikateremka hukumu ya mirathi katika Suratun Nisaa. Mtume akamwamuru ami yule awape mabinti thuluthi mbili, mjane thumuni, naye achukue kilichobaki. Mali ikifanywa mafungu 24, mabinti hupata 16, mjane 3, ami 5. Tazameni, ami hakunyimwa. Alizuiliwa kula cha mayatima.

Je, mpwa? Hana fungu maadamu wapo warithi hao. Lakini mjomba aliyetunzwa uzeeni na mpwa wake anao mlango wa wasia: kwa kuwa mpwa huyo si mrithi, aweza kumuusia hadi thuluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni. Wengi wetu huupita mlango huu, kisha tukailaumu mila.

Nawe uliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, hukupewa mali. Umepewa kazi: kukusanya, kulipa madeni, kugawa, na kupeleka hesabu mahakamani. Wala mjane aliye katika eda, miezi 4 na siku 10, asitolewe nyumbani.

Basi mwenye kutaka mpwa wake apate kitu, aandike leo, akiwa mzima. Katika karatasi hiyo hiyo ayatenge mashamba ya ukoo na yale aliyoyanunua, na mashahidi wawili waadilifu watie sahihi.

Wabillahi tawfiq.