Tusitupe nyanya mbovu kando ya shamba

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya parokia)



Leo naanza kwa kuungama. Msimu uliopita kikundi kimoja cha akina mama hapa kwetu kilipanda nyanya kwa pesa za mkopo. Majani yakakauka kama yameunguzwa na moto, na nyanya zikatobolewa. Mweka hazina akanunua dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wapi! Maneno yakaanza: dawa ni bandia, pesa zimeliwa. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Na mimi ndimi niliyewaambia, "Nyanya mbovu zitupeni pale kando zioze, zitakuwa mbolea." Nilikosea. Yule mama hakuiba hata senti. Mwizi alikuwa nondo.

Nondo huyu, kipepeo mdogo wa usiku, wataalamu humwita Tuta absoluta. Ni wa rangi ya kijivu na urefu wake ni kama punje ya mchele. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka wa 2006, akavuka hadi Afrika ya Kaskazini, na mwaka wa 2014 akathibitishwa hapa Kenya.

Tumjue maisha yake. Mchana hujificha katikati ya majani. Usiku huruka na kutaga. Jike mmoja aweza kutaga mayai hadi 260. Baada ya siku nne au tano hivi, mayai huanguliwa na kutoa viwavi wadogo sana. Kiwavi hakai juu ya jani. Huingia ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, akala nyama yake. Pia huingia kwenye shina changa na kwenye tunda. Hukaa humo kama wiki mbili. Sasa mwaona kwa nini dawa ilishindwa: tulipiga paa, na mwizi yuko ndani ya nyumba! Tena wengi wao wamezoea dawa, hawafi upesi.

Akishiba, kiwavi hushuka udongoni au hujikunja kwenye jani, akalala kama amekufa, siku kumi hivi. Kisha hutoka akiwa nondo mwenye mabawa. Kwa jumla ni mwezi mmoja hivi, na kukiwa na joto hupungua. Basi fikirini lile rundo langu la nyanya mbovu. Halikuwa mbolea, lilikuwa chumba cha kuzalia!

Je, nyanya zikiisha, atakufa njaa? Hapana. Ataenda kwa jamaa za nyanya: viazi, biringanya, managu tunayopika, hata ndulele inayoota njiani. Ndiyo maana ukivuna nyanya na kupanda viazi palepale, hujabadilisha kitu. Umembadilishia sahani tu.

Tufanye nini? Kwanza, chuma majani na matunda yaliyoingiliwa, uyazike shimoni futi mbili kwenda chini, ufukie na kukanyaga. Ukimaliza kuvuna, ng'oa miche yote siku hizo hizo. Pili, msimu unaofuata panda mahindi, vitunguu au kabeji, na ung'oe managu na ndulele zinazojiotea shambani. Tatu, kikundi kichange kinunue mtego wenye harufu ya jike. Madume hufuata harufu wakanaswa. Mtego peke yake hautamaliza nondo, lakini utakuonya mapema kwamba wamefika. Kuhusu dawa, muulizeni afisa wa kilimo kabla ya kununua. Msirudie ile ile kila wiki, na zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa zifuateni kabla ya kuchuma. Watoto wetu ndio walaji.

Lakini neno langu kubwa ni hili. Nondo hajui mpaka wa shamba. Mama akisafisha lake na jirani akaacha lake, wote wawili ni bure. Chagueni siku moja, mashamba yote yasafishwe pamoja, hata la yule asiye mwanachama. Mwombeni kwa upole, mumsaidie kuzika.

Na wale mliomsema mweka hazina, msingoje Jumapili. Nendeni kwake leo. Mimi nimeshaenda.