Juu ya Vipokezi vya Dawa katika Utumbo wa Farasi



Farasi, pamoja na nguvu zake zote, aghalabu huangushwa na tumbo. Sababu imo katika umbile lake: utumbo mwembamba upitao mita 20, mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana uchukuao lita 30 hivi, kisha utumbo mpana wenyewe, uliokunjwa mara kadhaa na kusinyaa ghafula penye kona ya nyonga, na zaidi ya hayo, mnyama huyu hakujaliwa kutapika, basi kilichokwama hakina njia ya kurudi. Uhai wake umetegemea misuli laini ya kuta hizo, ijikazayo na kulegea pasipo kungoja amri ya nia.

Amri hutoka wapi, basi? Mwaka 1905 John Newport Langley wa Cambridge, alipoona kwamba nikotini hukaza msuli wa kuku hata baada ya mshipa wake wa fahamu kukatwa na kufa, na kwamba sumu ya kurare huizuia nikotini hiyo, alikata shauri kwamba ndani ya chembe ya msuli imo dutu ya kupokea, nayo ndiyo leo twaiita kipokezi. Raymond Ahlquist naye, mwaka 1948, alipovigawa vipokezi vya adrenalini kuwa alfa na beta, alidhihirisha kwamba athari ya dawa haimo katika dawa peke yake, bali pia katika kipokezi inachokikuta.

Katika utumbo wa farasi, asetilikolini imiminwayo na ncha za mishipa ya fahamu hukiamsha kipokezi cha muskarini, na msuli ukajikaza. Atropini hukikalia kipokezi hicho bila kukiamsha, mkazo uumao ukalegea. Lakini mwendo wote wa tumbo huweza kukoma pamoja nao kwa saa nyingi, hata dawa iliyotolewa kuondoa msokoto wa tumbo ikazaa msokoto mwingine. Zailazini, kadhalika, hutuliza maumivu kwa vipokezi vya alfa-2, tawi la vile vya alfa, vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo. Illa vipokezi vya namna hiyo vimo pia katika mishipa ya fahamu ya utumbo, ambako huzuia asetilikolini isimiminwe. Tabibu ategaye sikio ubavuni baada ya sindano, asisikie ngurumo, hana budi kujiuliza kama kimya hicho ni cha ugonjwa au ni cha dawa yake mwenyewe.

Wala jambo hili haliko mbali na wafugaji wetu. Amitrazi, itumikayo katika majosho ya ng'ombe, humdhuru kupe kwa kushika kipokezi chake cha oktopamini; lakini ikimwingia farasi hushika vipokezi vya alfa-2, utumbo mpana ukalala, na malisho yakakauka na kuziba njia. Dawa ni ile ile, na aliyeipima huenda hakukosea kipimo. Kilichobadilika ni mpokeaji.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi wetu wasitosheke kuhifadhi majina ya dawa na vipimo vyake, bali kwa kila dawa waulize kipokezi chake ni kipi, kimekaa katika viungo vipi, na katika mnyama gani. Maana asiyejua hayo hutibu kwa kubahatisha, hata akipona mgonjwa.