Mfangano: Kisiwa Chenye Lugha Yake

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana, Migori)



Shuleni tulisoma habari za visiwa vya Pasifiki, vyenye watu wachache na lugha yao wenyewe. Lakini si lazima twende mbali hivyo. Panda gari mpaka Mbita, kisha uingie boti. Utafika Mfangano.

Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Katikati kuna mlima, na watu wengi wanaishi chini yake, karibu na maji. Wanavua omena na mbuta, na kulima. Kule Kwitone na Mawanga kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe kwenye miamba, kazi ya watu wa kale waliokuwako kabla ya wenyeji wa leo.

Wenyeji hao ni Abasuba. Masimulizi yao yanasema wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Buganda na Busoga, wakikimbia vita vya kugombania ufalme, yapata karne ya 18. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, jamaa ya Kiganda na Kisoga.

Sasa mtu atauliza: mbona ukifika huko unasikia Kijaluo? Sababu ni nyingi. Abasuba walioa mabinti wa Kijaluo, na mtoto hufuata lugha ya mama yake. Sokoni ni Kijaluo. Tangu ukoloni, madarasa ya chini yalisomeshwa kwa Kijaluo, na katekisimu pia. Lugha iliondoka polepole, nyumba kwa nyumba. UNESCO imeiweka Olusuba kati ya lugha zilizo hatarini. Mfangano, kwa sababu imezungukwa na maji, imeihifadhi kuliko bara.

Tusiseme hayo ni mambo ya kisiwani tu. Hapa Migori kwetu, Wasuna wana asili hiyo hiyo ya Kisuba, lakini watoto wao wanaongea Kijaluo. Kijaluo si kibaya, jamani! Kinatuunganisha. Ila kujifunza lugha ya jirani si sababu ya kutupa ya nyanya yako. Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Tufanye nini?

1. Kijana mwenye babu au nyanya anayejua Olusuba anunue daftari. Aandike majina ya samaki, miti, dawa na ukoo.

2. Mzazi anayeijua aiongee na watoto nyumbani, hata kama wanamcheka.

3. Vikundi viwaombe walimu wawaalike wazee shuleni. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde lugha za wananchi. Si kuomba msaada, ni haki.

Mzee akizikwa na maneno yake, hakuna mradi utakaoyarudisha. Daftari ni bei rahisi. Tuanze wiki hii.

Karibuni kwa maswali.