Nyama ya Kasa Yaua Watoto: Tusifiche
(Hotuba kwa wazazi na wavuvi wa Kilwa Masoko)

Wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu wavuvi,

Nimekuja kusema nanyi habari ya sumu. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 walikufa pamoja na mwanamke mmoja. Wengine 78 wakalazwa hospitali. Kabla ya hapo, Novemba 2021, nyama hiyo hiyo iliua watu 7 huko huko Pemba, na mtoto wa miaka 3 alikuwamo. Kasa huogelea mbali. Wa Pemba na wa Songosongo ni wa bahari moja.

Wako wasemao, "Babu zetu walikula, wala hawakufa." Ni kweli, si kila kasa ana sumu. Lakini hakuna awezaye kumjua mwenye sumu kwa kumtazama wala kwa kumwonja. Moto hauiondoi sumu hiyo, wala ndimu, wala chumvi.

Dalili zake zijueni. Mtoto huwashwa mdomo na koo, hutapika, huharisha. Ulimi hutoka vidonda, na kumeza huwa taabu. Kisha hulegea na kusinzia. Mambo haya huanza baada ya saa chache, au baada ya siku kadhaa. Asinziaye hivyo msidhani amepumzika.

Dawa ya kuivunja sumu hii haipo. Lakini hospitali waweza kumpa maji ya mshipa na kumsaidia kupumua. Basi mpelekeni upesi, pamoja na wote waliokula, hata wasioumwa. Aliyelegea msimnyweshe kitu wala msimtapishe, mlazeni ubavu. Na mama anyonyeshaye aliyekula, sumu huingia katika maziwa yake. Amwambie mganga kabla ya kunyonyesha tena.

Neno la mwisho. Sheria imekataza kuvua kasa, kwa hiyo mzazi huogopa, akasema mtoto kala muhogo. Mganga hupotezwa, na jirani aliyegawiwa nyama ile hapati habari, naye chungu chake bado ki jikoni. Ndugu zangu, semeni kweli! Hatukupigania uhuru ili tuzike watoto kwa woga. Na kinga iliyo bora kuliko zote ni hii: kasa tumwache baharini.

Uhuru na Kazi!