USO KWANZA: Namna ya Kupiga Picha Njema Penye Jua Kali

Maneno ya mazungumzo kwa wapiga picha wa Oyugis na vijiji vya jirani



Siku ya maziko katika nchi ya Wajaluo, picha ya marehemu huwekwa karibu na jeneza ili watu wapate kumwaga. Mara nyingi picha hiyo ni moja tu, wala haitapatikana nyingine. Lakini hutokea kwamba shati limeonekana vizuri, na ukuta wa nyuma pia, ila uso ni doa jeusi lisilo na macho. Wajukuu hutazama, wasimwone babu yao. Kosa hilo si la jua, wala si la ngozi ya mtu. Ni la mpiga picha asiyepima mwangaza mahali pake.

Sababu yafahamika kwa urahisi. Oyugis iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu na utosi. Paji la uso hung'aa, na macho huingia gizani. Tena kamera haimjui mtu. Hukusanya mwangaza wote ulio mbele yake, na kukadiria kana kwamba vitu vyote ni vya rangi ya kijivu. Basi mtu mweusi akisimamishwa mbele ya mbingu au ukuta wa chokaa, kamera huona mwangaza umezidi, huupunguza, na uso hupotea.

Mfano ni huu. Mama mzee auza viazi vitamu vya Kabondo sokoni saa saba mchana, na mjukuu wake ataka picha yake. Mpiga picha mwenye haraka humsimamisha juani, mbele ya mabati yanayometameta. Mwenye busara humwamkia kwanza, huomba ruhusa, kisha husema: "Dana, naomba usogee kidogo hapa barazani." Pale kivulini jua halimchomi, wala hakunji macho, lakini mwangaza wa mbingu, na ule unaorudi kutoka ardhini, humfikia usoni kwa upole. Amgeuze atazame upande ulio wazi, na nyuma yake pawe ndani ya duka penye giza, ili pasiwe na kitu cha kushindana na uso.

Sasa kipimo. Kwa filamu ya kasi 100, kanuni ya jua kali ni tundu la lenzi namba 16, na muda wa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Katika kivuli kama hicho hufunguliwa hatua tatu hivi: 11, kisha 8, kisha 5.6. Kila hatua huongeza mwangaza maradufu, hivyo hatua tatu ni mara nane. Mwenye kamera yenye kipimo asogee mpaka uso ujaze picha, apime, kisha arudi mahali pake bila kubadili namba. Ikiwa ngozi ni nyeusi sana, apunguze nusu hatua au hatua moja, maana kamera itataka kuigeuza iwe kijivu. Mwenye simu aguse uso wa mtu juu ya kioo, kisha aongeze au apunguze mwangaza mpaka macho yaonekane. Shati jeupe likipoteza mikunjo yake, hasara ni ndogo.

Upangaji wa picha nao una adabu yake. Mama akiwa ameketi, mpiga picha na ainame, macho yao yalingane. Macho ya mama yawe katika theluthi ya juu ya picha. Nguzo isionekane kama imeota kichwani mwake, wala vidole visikatwe. Viazi na mizani vibaki, kwa kuwa vyaeleza kazi yake. Pikipiki ya mpita njia iachwe nje. Na kama hapana kivuli, yafaa kungoja: kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri jua huwa limeinama.

Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipiga picha katika nchi ya Wajaluo, nazo zikahifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 nakala zake zilirudishwa Nyanza, zikaonyeshwa kwa wananchi katika onyesho lililoitwa Paro Manene. Miaka 71 ilikuwa imepita. Uso unaosomeka waweza kungoja muda kama huo na bado ukawapata watu wake. Doa jeusi halina jamaa.

Basi mpiga picha na apime uso kwanza, na picha ikisha kuchapwa, aandike nyuma yake jina, mahali na mwaka. Kazi hiyo ni ya dakika moja, nayo yaweza kuwa ndiyo itakayomtambulisha mama yule kwa vitukuu wasiopata kumwona.